Gozbert Lwakatare, Aliyepitia Mlango wa Jikoni

Imeandikwa na Ma Edvina, mpishi wa ofisi ya Urafiki, Kagondo

Gozbert Lwakatare anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na moja katika Chama cha Urafiki na Elimu Vijijini, ambacho wote tunakiita Urafiki tu. Alikuja akiwa na nywele. Anaondoka hana, na goti la kulia halikunji. Amechoka. Datius, katibu wetu, aliponiomba niandike aliniambia nianze na jambo la kufurahisha. Nimetafuta. Sijaona linalofurahisha kuliko mzee aliyefanya kazi mpaka akachoka, na sasa anaambiwa nenda ukakae.

Ila kukaa hatakaa, na ndiyo sababu nimekubali kuandika. Kuna wasichana wawili, Annastella wa Rubafu na Nuriat wa Ngenge, ambao shule yao haijaisha na rafiki wa kuwasomesha hawana tena. Habari yao nitaifikia. Anayetaka kutoka mapema kuwahi chakula asijisumbue. Chakula nimepika mimi, na ufunguo wa jiko ninao hapa kwenye kanga. Hakitoki mpaka wasifu huu usomwe mpaka mwisho.

Kwa wageni wasiotujua. Urafiki ulianza miaka ile ya misiba ya ukimwi, wakati Muleba na Bukoba nzima tulikuwa tunazika watu wazima tunabaki na watoto. Unakuta bibi mmoja, kibanja kimoja cha migomba, wajukuu wa kila binti wamejazana kama viazi kwenye gunia. Nami nilikuwa mmoja wa mabibi hao, tena nilikuwa bado kijana mno kuitwa bibi. Sitaki pole ya mtu. Sasa, kule Denmark kuna mji mdogo wa pwani ambao jina lake hakuna aliyewahi kulitamka hapa likakubalika. Mama mmoja wa mji huo, Mama Kirsten, alikuwa amefundisha Bukoba zamani. Akasimama kanisani kwao akawasemea watoto wetu, na kila nyumba ikachukua mtoto mmoja wa huku kuwa rafiki yake. Rafiki huyo alimpa sare, madaftari, godoro, sanduku la bweni, chakula cha shule. Siku hizi ada imefutwa, na wapo wanaodhani mambo yameisha. Wamlaze mtoto juu ya hiyo ada iliyofutwa waone kama ni godoro.

Gozbert alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Rubafu. Mama Kirsten alipotafuta mtu wa kwenda nyumba kwa nyumba kuchagua watoto, wasomi wetu walijitokeza wengi. Unatujua Wahaya kwa kusoma na kwa kujisifu kwamba tumesoma. Walidhani kazi ina gari. Walipoona ni baiskeli, tena ya mitumba, wasomi wakakumbuka wana shughuli nyingine. Akabaki Gozbert. Mkewe, Celina, aliulizwa na majirani kama mumewe amerogwa, kuacha chaki yenye mshahara wa serikali kwenda kuzunguka porini akihesabu yatima. Celina aliwajibu kwamba mume wake akirogwa atawaita wamwone. Hajawaita mpaka leo.

Niseme na yale mepesi, maana nimeambiwa nisiwalize watu. Mwanzoni kabisa watoto walitakiwa kuwaandikia marafiki zao wa Denmark kuwashukuru. Mwalimu wa darasa anaandika ubaoni, watoto wote wananakili yale yale: ninayo furaha kubwa kukuandikia, mimi mzima, hofu na mashaka ni kwako. Wazungu wakapata barua sitini zenye hofu na mashaka, wakashangaa kuna nini huku. Gozbert akazichana zilizofuata. Akawaambia watoto kila mmoja aandike alichokula jana na aliyecheza naye, basi. Ilikuwa Novemba. Senene walikuwa wameanguka kama mvua, na kila mtoto akaandika kwa furaha kwamba jana tumekula senene, tumeshiba, leo tunakula tena. Gozbert akatafsiri vizuri kwa Kiingereza chake cha ualimu: panzi. Watoto wanakula panzi, na kesho watakula panzi tena. Kule Denmark watu walilia kanisani. Baada ya miezi yakaja makasha ya biskuti na samaki wa kopo, na barua inayosema vumilieni, msaada uko njiani. Tulizila zile biskuti, tusizile kwa nini? Lakini Gozbert ilimchukua mwaka mzima kuwaeleza kwamba senene ni kitu mtu anampelekea mkwe wake. Mama Kirsten alipokuja mwenyewe alikaangiwa kikapu kizima, akakimaliza. Tangu hapo barua za kuomboleza zikakoma, zikaanza za kuuliza senene wanafungwaje wafike salama.

Sasa habari ya Ngenge. Wengine mlikuwa hamjazaliwa, sikilizeni.

Wasichana wa Ngenge walikuwa wanaacha shule mmoja mmoja. Sekondari ilikuwa mbali, wanatembea wanapita kwenye rweya, nyika tupu ya majani, wanakutana na wanaume wanaokutana nao. Wengine walirudi na mimba. Mmoja hakurudi. Gozbert akawaandikia Wadenishi kwamba Ngenge inahitaji bweni la wasichana, nao wakasema watakuja kuona kabla ya kuamua. Akapeleka habari kijijini kwamba wageni wanakuja. Hapo ndipo alipokosea, na kosa lile hakuna awezaye kulifanya isipokuwa mtu wa huku, maana ni adabu yetu.

Mwanamke aliyewaongoza wazazi wa Ngenge wakati ule aliitwa Vestina, mjane, mrefu, ana sauti ya kuita ng'ombe. Vestina kusikia wageni wanatoka Ulaya alilima kijiji chote kwa maneno. Makochi yakaazimwa kutoka sentani kwenye maduka, kwa mwenye duka la kahawa. Vitambaa vikaazimwa. Viatu vya watoto vikaazimwa shule ya jirani. Nyasi mbichi zikatandikwa kwenye nyumba na darasani mpaka sakafu ya vumbi haionekani. Mbuzi akachinjwa, soda zikaja kwa kreti. Wageni walipokelewa kama wako kwenye harusi. Wakaletewa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, na mzee mmoja wa Denmark akaimeza kama kidonge cha malaria. Wakapiga picha. Wakaondoka wanatabasamu.

Jibu likaja kwamba Ngenge wanaishi vizuri, Mungu awabariki. Bweni litajengwa mahali penye shida.

Gozbert alipanda baiskeli kutoka huku mpaka Ngenge, akafika uso umejaa vumbi kama maiti iliyofukuliwa. Akamkuta Vestina shambani.

"Ma Vestina, mmeficha nini?"

"Nimeficha nini, waitu?"

"Wale watu wameona makochi. Wameona viatu. Wamesema hamna shida."

Vestina akaliweka jembe chini. "Ta Gozbert, wewe umelelewa wapi? Mtu katoka kwao na ndege, nimkalishe kwenye kigogo? Nimwonyeshe sufuria tupu? Mama yangu angefufuka anichape."

"Na mabinti je?"

Hapo Vestina akaliokota jembe lake. Binti yake mwenyewe alikuwa mmoja wa waliokuwa wanatembea.

Gozbert hakumgombeza. Kumgombeza Vestina angeanzia wapi, wakati hata nyumbani kwake mgeni akibisha hodi Celina anakimbia kuazima sukari? Aliandika Denmark, akamwomba Mama Kirsten arudi peke yake, mwezi wa mvua, bila kumwambia mtu. Mama Kirsten akarudi. Wakafika Ngenge wameloa. Gozbert akaupita mlango wa mbele, akazunguka nyuma ya nyumba, akakohoa migombani ili wanawake wajifunike, akaingia jikoni. Mwanamume wa Kihaya, mwalimu, anaingia jikoni kwa mwanamke asiye wake, na mzungu nyuma yake! Maawe, mama yangu we! Vestina alimrushia maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye karatasi ya chama.

Lakini walikuwa wameshaingia. Na jikoni hakuna kochi. Kulikuwa na moto unaotoa moshi kwa kuni mbichi, paa linavuja kwenye chungu, na binti wa Vestina amelala kwenye gunia karibu na mbuzi, miguu imevimba kwa safari ya shule. Vestina alipomaliza kutukana alimtazama mzungu aliyesimama analowa, akamtupia kisu. Akamwambia kwa Kihaya, kama umekuja jikoni kwangu basi menya. Mama Kirsten akakaa chini akamenya ndizi, anakata maganda mazito na nusu ya ndizi ndani yake, na Vestina anamcheka mpaka machozi. Wakapika, wakala. Bweni la Ngenge likajengwa mwaka uliofuata, na limesimama mpaka leo.

Tangu siku ile Gozbert hakuingia tena nyumba ya mtu kwa mlango wa mbele. Ndivyo alivyofanya kazi miaka yote iliyobaki: hapeleki taarifa, haji siku ya sikukuu, anazunguka nyuma, anakohoa, anaingia, anakaa kwenye kinu au kwenye kuni, anaomba kisu. Anamenya huku anatazama. Wanaume wenzake walimtania mpaka wakachoka, wakamwita Ta Jikoni. Walimuuliza kwenye pombe ya lubisi kama ameshajua kupika matoke au bado anafundishwa. Naye anacheka, anakunywa. Lakini hakuna aliyeweza kumdanganya tena.

Na watu walijaribu. Msijifanye watakatifu. Iliposikika kwamba Urafiki unasomesha yatima, kuna nyumba ziliota yatima ghafla. Kijiji kimoja cha Muleba, ambacho sikitaji kwa sababu watu wake wamekaa hapa mstari wa tatu, bwana mmoja aliwapanga wanawe sebuleni, wameogeshwa, wamepakwa mafuta, akasema ni watoto wa marehemu kaka yake. Gozbert hakufika sebuleni. Jikoni alikuta mtoto wa kaka mwenyewe, mdogo, kichwa kimejaa majivu, anapuliza moto wa kuwapikia wale yatima wa sebuleni. Akamuuliza jina. Mtoto akasema Datius.

Ndiyo, huyo huyo. Katibu wetu, mwenye tai ya bluu. Yeye ndiye anayeipiga chapa karatasi hii, na hapa ameniomba mara mbili nifute. Sifuti. Mwanangu, hakuna aibu ya kupuliza moto.

Waliosomeshwa wengine mnawajua. Wamo manesi wa hospitali, wamo walimu, yumo Hafidhi anayetengeneza redio na simu za mji mzima pale sokoni, wamo wanaojenga barabara. Wamo pia walioshindwa, nao Gozbert aliwatembelea vile vile. Tetemeko la 2016 lilipopasua kuta, alitembea nyumba zote za watoto wake kabla hajatazama yake kama bado ina paa. Hakuwahi kupata tuzo. Pikipiki aliyoinunua mwenyewe uzeeni ndiyo ilikuwa fahari yake, akiifuta kila Jumamosi kama anaogesha mtoto.

Lakini miaka inakula watu, hata wa Denmark. Wale waliosimama na Mama Kirsten kanisani walikuwa watu wazima tangu zamani. Wamezeeka. Wengine wanalelewa kwenye nyumba za wazee, hawajui tena kama kuna Bukoba duniani. Watoto wao ni watu wema lakini wana mambo yao. Mama Kirsten mwenyewe alifariki majira ya baridi ya mwaka juzi. Tulimsomea misa hapa, na Vestina alisafiri kutoka Ngenge na mkongojo wake akakaa mbele kabisa, hakulia, akasema tu kwamba yule mama hakuwahi kujifunza kumenya. Tangu hapo hatukuchukua mtoto mpya. Waliobaki tukawasindikiza wamalize, na mwaka jana Gozbert aliiambia kamati kwamba wote wamemaliza, isipokuwa wawili ambao marafiki zao bado wanatuma, ila kule kwao mambo yanachelewa kidogo.

Kamati ikaandika hivyo hivyo, mambo yanachelewa. Tukaanza kupanga sherehe.

Mwezi uliopita kamati ya kumuaga ilikwenda nyumbani kwake. Walituma habari siku tatu kabla, kama watu wastaarabu. Waliporudi ofisini niliwawekea chai, nikawauliza wamemkutaje.

"Ma Edvina, mzee yuko vizuri sana," Datius akaniambia. "Nyumba safi, nyasi mbichi zinanukia. Makochi, chupa za chai mpya. Tumekula kuku. Mzee amejipanga. Tumeona hana haja ya kitu, tumpe saa ya ukutani na cheti."

"Makochi yana vitambaa?"

"Yana vitambaa vyekundu vya kufuma, vizuri."

"Vina picha gani?"

"Tausi."

Nikaosha vikombe. Tausi wale niliwafuma mimi, nilipokuwa na mimba ya kitinda mimba wangu. Celina alikuja kuniazima vitambaa siku chache kabla, akasema anapokea wageni wa upande wa mume.

Kesho yake nilikwenda kuchukua vitambaa vyangu. Sikutuma habari. Nilipita nyuma, nikakohoa, ingawa migomba ya kukoholea sikuiona. Kibanja cha Gozbert kimeliwa na mnyauko. Migomba imebaki vigogo vyeusi, mingine ameing'oa mwenyewe, imelala. Jikoni Celina amekaa, miguu ameiweka juu ya kigoda, imevimba inang'aa. Kwenye moto unasongwa ugali. Nyumba ya Lwakatare, mchana, ugali. Mhaya akisoma hapa anajua nimeandika nini: nyumba hii haina ndizi tena.

Aliyekuwa anasonga ni Annastella. Aliyekuwa anachambua maharage ni Nuriat. Wana sare za shule. Marafiki zao wa Denmark, mmoja alikufa kabla hata ya Mama Kirsten, mwingine hana tena kumbukumbu. Hakuna kilichochelewa. Kimeisha. Gozbert aliwaambia wasichana ukweli, akawatoa hosteli akawaleta kwake, na sisi akatuambia yale ya kuchelewa. Nikauliza pikipiki iko wapi. Celina akasema imeuzwa. Sisi tulidhani anatembea kwa miguu kwa sababu daktari amemwambia anyooshe goti. Tulimsifu! Nilimsikia mtu wa kamati anamwita kijana.

Gozbert akaingia na mzigo wa kuni, akanikuta nimekaa kwenye kinu.

"Umepitia wapi, Ma Edvina?"

"Ulikotufundisha."

Akacheka kidogo, akatafuta pa kukaa. Viti vilikuwa vimesharudi kwa wenyewe. Akakaa kwenye kuni zake.

"Usiwaambie," akasema.

"Kwa nini nisiwaambie?"

"Wale nao wana watoto wao. Kila mtu ana mzigo wake. Niwaite niwaambie nini? Kwamba niliwasomesha ili wanibebe?"

"Nani kasema wakubebe wewe? Una uzito gani?"

Hapo Annastella, bila kugeuka, mwiko mkononi, akasema, "Mimi nimeshamwambia babu. Akistaafu nakwenda Mwanza, kuna mama anatafuta msichana wa kazi. Nuriat abaki amalize."

"Aende nani?" Nuriat akamjia juu. "Wewe ndiye unayeshika hesabu. Mimi hata nikibaki nitapata nini? Nakwenda mimi."

"Wewe hata vyombo huoshi vizuri. Watakurudisha siku ya pili."

"Watakurudisha wewe kwa mdomo wako."

Wakagombana vile, kama watoto wanaogombania nani akateke maji. Gozbert akasema, "Haendi mtu." Amewaambia watoto neno hilo miaka thelathini na moja, na zamani lilikuwa likisemwa nyumba inatulia. Safari hii alilisema anatazama moto, na wale wasichana hawakunyamaza. Walikuwa wameisikia sauti yake, haina nguvu.

Basi nimemaliza kueleza. Nilichukua vitambaa vyangu nikarudi.

Niliambiwa niandike mafanikio na mazuri ya mstaafu, nami nimeyaandika. Ila kuficha ni kubaya, na Gozbert amefanya ubaya huo kwetu, yeye aliyewakataza Ngenge nzima. Najua amekaa pale mbele na uso umemkunjamana. Akunje. Mimi ni mkubwa kwake, na kama ni kuchapwa na mama yake aliyefufuka, mama yake nilimjua, tutamalizana sisi kwa sisi.

Ninyi mliosomeshwa ndio ninaowashangaa. Mlitoka jikoni, wote. Alikuja kuwatafuta jikoni, kwenye moshi, akamenya na mama zenu. Halafu siku yake ilipofika mkapanga gari, mkaoga, mkatuma habari siku tatu kabla, mkakaa sebuleni kwenye tausi wangu, mkala kuku wa jirani, mkasema hana haja. Yule mzungu aliyemeza kahawa nitamsamehe, hakujua. Ninyi mlijua. Datius, wewe ulijua kuliko wote. Mlipokuwa mnakula yule kuku, Annastella na Nuriat walikuwa wapi? Walikuwa nyuma ya ukuta, mwanangu, wanapuliza moto.

Nilipomsomea Datius maneno haya aliacha kupiga chapa. Halafu akaniuliza, Annastella yuko kidato cha ngapi. Nikamwambia cha tatu. Nuriat? Cha pili. Akaniuliza tena kama wanapenda kukaa mbele au nyuma kwenye gari, maana shule iko njiani kwake. Nikamwambia swali hilo akawaulize wenyewe, mlango wa jikoni uko nyuma. Amekwenda, ndiyo maana ukurasa huu una makosa, umepigwa na mtu mwingine.

Mmoja amekwenda. Ninyi wengine bado mmekaa. Saa ya ukutani mnaweza kumpa, si mbaya, atajua saa ngapi mnachelewa. Lakini wasichana wawili wanagombania kwenda kufua nguo za watu Mwanza, na ukumbi huu umejaa watu waliovuka kwa mgongo wa wageni wasiowajua, waliokuwa wanauza keki kanisani ili wewe uwe na godoro. Wale wageni wamekufa. Sasa rafiki ni nani? Msinijibu mimi. Nendeni mkamenye. Siku ya kwenda sitaitaja hapa, kwa sababu Celina anasikia na ataanza kufagia.

Kwako Gozbert. Ahsante. Nimekupikia miaka mingi na hujawahi kusema chumvi imezidi, hata siku ilipozidi. Uliwatembelea watu mpaka ukachakaa, na kila nyumba ya Rubafu na Ngenge inakujua kwa kikohozi chako cha migombani. Miche ya migomba isiyo na ugonjwa nitakuletea mimi, ipo kwangu. Wageni wakija usitandike nyasi. Usikope kiti. Vitambaa vyangu usitume mtu kuja kuviomba, nimevifungia.

Kalale mchana, waitu, mchana kweupe, kama watu wenye haki ya kulala. Mungu akupe miaka ya kukaa tu. Na mlango wa jikoni uache wazi, tunakuja.